Barabara ya Punda wa Yeyo

Juzi nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa kwenye gereji moja pale Sakina, mjini Arusha, nikisubiri fundi anipe habari mbaya za gari langu. Upande wa pili wa ua, mchomeleaji alikuwa akikata mlango wa lori bovu. Rangi nyekundu ya mlango ule ikaanza kutoa malengelenge, ikachemka, ikaungua, na harufu yake ikanifikia pale nilipokaa: kali, yenye utamu wa kuchefua, kama sukari iliyomwagikiwa mafuta ya taa. Sikuwa nimeinusa tangu utotoni, na mara ile ya kwanza ilitoka kwenye mafiga ya mama yangu. Fundi alinyanyua kichwa kutoka kwenye injini akanitazama.

"Mama, unalia au unacheka?"

Nikamwambia aendelee na kazi. Kwa kweli sikuwa na uhakika.

Sisi tulikaa juu, kwenye miteremko ya magharibi ya Mlima Meru, mahali ambapo migomba na kahawa vinaishia na mahindi yanaanza kudumaa kwa baridi. Juu yetu kulikuwa na mashamba ya viazi, juu ya viazi kulikuwa na msitu, na juu ya msitu, pale bega la mlima linaposhuka kidogo kabla ya kuinuka tena, kulikuwa na pengo tuliloliita Shingoni. Upepo ulipita pale bila kupumzika. Nyuma yake kulikuwa na nchi nyingine kabisa, kavu, ya ng'ombe na vumbi, na huko ndiko Yeyo alikotoka. Yeyo ndivyo tunavyomwita mama kwa lugha yetu sisi Waarusha, na ingawa nimesoma mpaka nikapewa joho na kofia ya pembe nne, sijawahi kuweza kumwita kwa neno jingine.

Barabara kuu ya Nairobi ilikuwapo, lakini ilipita mbali chini, ikiuzunguka mlima. Kuifuata mpaka upande wa pili kwa miguu, na mzigo, kulichukua siku mbili. Kwa hiyo wanawake wetu walikatiza Shingoni na punda. Yeyo alikwenda kila wiki, na punda watatu. Alipeleka mahindi, maharage na ndizi, akarudi na magadi na ngozi, na nguo zake zikinuka mafuta ya kondoo. Aliyeongoza msafara alikuwa punda jike mzee mwenye sikio la kushoto lililochanika. Hakuwa na jina. Yeyo hakuona haja ya kumwitaita aliyejua kazi yake. Mimi niliitwa kwa jina langu mara arobaini kwa siku.

Baba alifanya kazi kwenye shamba la setla huko chini Nduruma, akija nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote, mwanamume wa kutuamulia mambo alikuwa Baba Mkubwa, kaka yake, karani wa baraza. Baba Mkubwa alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine mlimani kwetu aliyekuwa navyo: miwani na rula. Watu wa pande zote mbili walipokubaliana kuchimba barabara ya kuvuka Shingoni, ili kahawa na viazi vyetu vishuke kwa lori, na ili watu wa ule upande waache kufa njaa kila mvua inapochelewa, Baba Mkubwa alitandaza karatasi mezani, akaweka alama kijijini, akaweka alama Shingoni, akaziunganisha kwa rula. Mstari ulinyooka kama uzi wa mfumaji. "Barabara ya kisasa," akatangaza, "haipindipindi kama nyoka."

Serikali ilituma Mzungu mmoja kuja kuupima mstari ule. Jina lake halikukaa midomoni mwetu, tukamwita Bwana Barabara. Alikuwa mrefu, mwenye magoti mekundu na darubini ya miguu mitatu, na alizungumza Kiswahili chote kama anayetoa amri, hata alipoomba maji. Alianza kuupanda mstari wa Baba Mkubwa asubuhi na mapema, akiufuata kwa uaminifu. Saa nne alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua kofia, anahema. Ndipo Yeyo alipopita na punda wake watatu wenye mizigo, kando, juu kidogo ya kichwa chake, akitembea polepole na kusokota kamba mkononi kana kwamba yuko uani kwake.

"Wale napita wapi?" Bwana Barabara akauliza.

"Wale ni punda tu, bwana," akasema Baba Mkubwa.

"Mimi naona punda. Nauliza napita wapi."

Aliwafuata siku mbili. Alikuwa akisimamisha darubini yake, anachungulia, anaandika, anatikisa kichwa, anasogea. Mwisho akasema kwamba njia ya punda ilikuwa na mwinuko ambao lori lingeweza kuumudu, karibu kila mahali, na kwamba yeye asingebishana nayo. Akapigilia vigingi kuifuata, kuanzia kijijini mpaka juu, kila kimoja kimepakwa rangi nyekundu kichwani. Kisha akaweka sharti moja, na Baba Mkubwa akalitafsiri kwa Kimaasai, lugha yetu, mbele ya baraza zima ili asije mtu akasema hakusikia. Sisi tuchimbe. Kiangazi kikiisha ataleta lori la serikali, limejaa mzigo. Likifika Shingoni bila kusukumwa, serikali italeta makalavati ya kupitishia maji na itaitunza barabara miaka yote. Likikwama, basi, hatarudi tena.

Baba Mkubwa alipomaliza kutafsiri aliongeza ya kwake. "Mmesikia. Likikwama, tutakuwa tumelima mlima kiangazi kizima kwa kumsikiliza mwanamke na punda." Wazee wakamgeukia Yeyo. Yeye akaendelea kusokota kamba yake.

Sasa hapa, nyinyi wa rika langu, nawaomba msinicheke haraka. Mnakumbuka kigingi chekundu kilikuwa na maana gani kwetu. Mtu wa serikali akija na kamba na vigingi, mwaka unaofuata ng'ombe wenu wanafukuzwa kwenye maji waliyokunywa tangu enzi za babu zao. Babu yangu alipoteza malisho namna hiyo, na hadithi ile nililishwa pamoja na maziwa. Mambo ya baraza hakuna aliyewahi kunieleza. Nilichosikia ni watu wazima wakinong'ona jioni, wakikunja uso: "Wameweka vigingi mpaka kona ya juu." Nilikuwa na umri wa miaka minane, na nilijua wajibu wangu.

Nilipanda peke yangu mpaka kona ya juu, pale mahali pabaya kuliko pote, ambapo njia inajikunja karibu na genge linaloporomoka wima kabla ya kutokea Shingoni. Niling'oa vigingi kumi na vinne. Nilivitingisha kama jino la maziwa, nikavivuta, nikafunika mashimo kwa nyayo zangu ili Wazungu wasijue vilikuwa wapi. Nilikuwa na akili, hilo halina ubishi. Kisha, kwa kuwa vilikuwa mbao kavu zilizopasuliwa vizuri na mashine, nikavifunga pamoja, nikajitwika, nikavipeleka nyumbani kuwa kuni. Sikumwambia mtu. Niliona shujaa hafai kujisifu. Anangoja mpaka wengine wagundue.

Yeyo alirudi jioni ile kutoka ng'ambo, amechoka, akawasha moto bila kutazama kuni, akabandika makande. Halafu harufu ile ikaanza. Akainama, akachungulia chini ya chungu, akaona kichwa chekundu kinatokota.

"Kuni hizi umezitoa wapi?"

"Shingoni. Kona ya juu."

"Ngapi?"

"Zote za pale. Sasa hawawezi kuchukua shamba letu."

Yeyo aliketi chini, akaniangalia muda mrefu. Nilingoja sifa. Akachukua mwiko, akakoroga chungu, akaonja. "Tule," akasema. "Haya ni makande ya thamani. Tumeyapikia barabara."

Nilipoelewa kwamba nimechoma alama za barabara yetu wenyewe, nililia mpaka nikatapika makande ya thamani. Hakunipiga. Nimewahi kutamani angenipiga, lingekwisha usiku ule. Asubuhi alinishika mkono tukaenda kwa Baba Mkubwa, akamweleza kila kitu akiwa amesimama mlangoni. Baba Mkubwa alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kwa hiyo serikali imeweka vigingi, mtoto kavipikia, na sasa punda atavirudisha. Shemeji, hii ni barabara au ni kichekesho?"

"Nitavirudisha," akasema Yeyo. "Nawe mwandikie Bwana Barabara kwamba viling'olewa. Usifiche."

"Akiniuliza nani kaving'oa?"

"Mwambie mimi."

Baba Mkubwa alinitazama, akamtazama yeye. "Lori likikwama pale kwenye kona, hakuna atakayesema ni mtoto. Watasema ni wewe mara mbili."

"Najua kuhesabu, Shemeji."

Siku iliyofuata Yeyo alimtwika yule punda mzee sogi zote mbili, ile mifuko ya mgongoni, zimejaa magadi mpaka juu, akampeleka mpaka chini ya kona, akamwachia. Mimi nilifuata nyuma na mzigo wa vigingi vipya vya mzeituni mwitu ambavyo alikuwa amenichongesha mpaka viganja vikavimba. Punda alisimama kwanza. Alitazama mbele, akatazama pembeni. Nikanyanyua fimbo.

"Mwache," Yeyo akanong'ona. "Usimguse, usimwambie kitu. Akiwa mtupu anakatiza popote, kama wewe. Akiwa na mzigo mgongoni anatafuta pa kufika nao."

Punda akaanza kutembea. Alikwenda upande ambao nisingeuchagua, karibu na genge, akajikunja taratibu, akapanda bila kusimama hata mara moja. Kila hatua kumi Yeyo alipiga kisigino chini, nami nikapigilia kigingi. Yeyo alipokuwa akipita, alikuwa akikanyaga ardhi ya ukingoni kwa nguvu, akirudi, akikanyaga tena, akisikiliza. Nilidhani ana hasira. Tulipofika juu, punda alikuwa hahemi. Mimi nilikuwa nimelala chali.

Basi tukachimba. Ilikuwa kazi ya pamoja, msaragambo. Kila boma lilipewa kipande chake, na Baba Mkubwa akavipima kwa kamba bila upendeleo, cha kwake kikiwa sawa na cha mjane. Watu walikuja na majembe, sururu na nyimbo, na nyimbo nyingi zilituhusu. Vijana walipiga kelele za punda kila Yeyo alipopita. "Mama Kisogi! Lori la serikali linakula majani gani?" Yeye aliwajibu kwamba linakula wavivu, na kwamba limeshauliza majina yao. Barabara yenyewe waliiita Barabara ya Punda, kwa dharau, na Baba Mkubwa alicheka waliposema hivyo, lakini niliona kwamba haikosi siku akaja kuchimba, amevua koti amelitundika kwenye mti wa mtarakwa, miwani imejaa vumbi. Hakuamini mstari ule. Aliuchimba vizuri tu.

Siku ya lori, mlima mzima ulijipanga kando ya njia kama siku ya ubatizo. Lori lilikuja likinguruma, limejaa magunia ya mchanga, na dereva wake alikuwa mtu mfupi kutoka Kondoa aitwaye Salimu, aliyekaa juu ya mto ili aone mbele. Bwana Barabara alishuka na barua ya Baba Mkubwa mkononi. Akaikunjua, akatutazama.

"Hapa naandika vigingi naondolewa. Mama huyu naondoa. Kweli?"

Yeyo, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo, alielewa hicho. "Kweli."

Sijui nini kilinipata. Ushujaa nilikuwa nimekwisha kuuacha kabisa. Lakini nilimwona amesimama pale peke yake mbele ya watu wote, na mdomo wangu ukafunguka bila ruhusa. "Ni mimi! Nilivipikia!"

Watu waliangua kicheko kilichofika mpaka Sakina. Bwana Barabara hakucheka. Alinitazama kwa makini, kama anavyochungulia darubini yake, akafungua mlango wa lori. "Wewe. Panda mbele."

Nawaambia ukweli: niliamini napelekwa jela. Niliamini jela iko Shingoni, na kwamba hiyo ndiyo sababu serikali ilitaka barabara. Nilimwangalia Yeyo, naye akaniashiria kwa kichwa nipande. Hivyo ndivyo nilivyopanda gari kwa mara ya kwanza maishani, nimebanwa katikati ya Mzungu na Salimu, mikono nimeiweka pamoja tayari kwa pingu.

Yeyo akatangulia mbele na punda wake mzee, lori likafuata kwa gia ya kwanza. Ndani kulinuka petroli, ngozi ya viti iliyochomwa na jua, na tumbaku. Niliona migomba yetu ikishuka, kisha paa la nyumba yetu, kisha kanisa, vyote vikizama chini yangu kama vitu vinavyotupwa mtoni. Masikio yangu yaliziba. Salimu alikuwa akilibembeleza lori kwa sauti ya chini, "Haya bibie, haya, usiniaibishe mbele za watu," na kila alipobadilisha mguu mto wake uliteleza. Viazi vikapita, tukaingia msituni, kwenye baridi na ndevu za kijivu za mitarakwa. Ukungu ulipita dirishani, nikaweza kuuonja. Nilisahau jela. Nilisahau hata kuogopa, mpaka tulipofika kona ya juu.

Lori likaanza kukunja, likakunja, halafu Salimu akakanyaga breki.

"Bwana," akasema polepole, "punda hana urefu huu."

Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, si Yeyo, si rula, si darubini. Mwinuko ulikuwa sawa kabisa. Lakini punda anajikunja, lori halijikunji. Pua ilikuwa imeelekea ukuta wa udongo, na ilimpasa Salimu arudi nyuma, kuelekea genge, ili akate upya. Chini ya genge sikuona kitu isipokuwa ukungu. Lori lilikuwa likitetemeka, na gurudumu moja likaanza kuteleza. Watu wote wakakimbilia nyuma ya lori, mikono mbele. Hapo ndipo niliposikia sauti ya Baba Mkubwa, sauti ya karani, ikipasua ukungu:

"Mikono nyuma! Asiguse mtu! Mikono nyuma wote!"

Kwa sababu wangeligusa tu, ingekuwa limesukumwa. Nikaona mlima wetu mzima, wazee, wanawake, vijana wa kelele za punda, wamesimama kwenye kingo za barabara waliyoichimba wenyewe, mikono imefungwa nyuma kama wanafunzi, wanalitazama lori kwa macho tu.

Kwenye kioo cha pembeni nikamwona Yeyo. Alikuwa amezunguka nyuma. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukingoni mwa genge, akageuka, visigino vyake vikiwa pale ardhi inapoishia, akapiga mguu chini mara mbili. Pale pale alipokuwa akikanyaga na kusikiliza ile siku ya vigingi vyangu. Akanyoosha mkono kwa Salimu: njoo.

"Yule mama ni nani?" Salimu akauliza.

"Yeyo wangu."

"Ana akili timamu?"

"Ndiyo."

"Basi tutumie zake. Zangu zimekwisha."

Alianza kurudi nyuma. Kwenye kioo mama yangu alikuwa akikua. Hakusogea. Mkono ulikuwa bado unaita, polepole, kama anavyowaita punda. Kisha nikaona koti. Baba Mkubwa, na viatu vyake vya baraza, na miwani yake, alitoka kwenye kundi, akapita nyuma ya lori, akaenda kusimama kando yake, bega kwa bega, visigino ukingoni. Hawakutazamana. Nilifumba macho. Nilisikia kokoto zikianguka, zikianguka kwa muda mrefu, na sikusikia zikifika. Halafu Yeyo akapiga kofi moja kwenye ubao wa nyuma wa lori, pa, kama anavyopiga paja la punda anayetakiwa kusimama. Salimu akakanyaga breki, akazungusha usukani kwa mwili mzima, akatia gia.

"Haya bibie!"

Magurudumu yalitafuta, yakakosa, yakatafuta tena. Yakashika. Pua ikaacha ukuta, ikaiona njia, na lori likapanda likilia mpaka nikadhani litapasuka. Ukungu ukaisha ghafla, kama mlango uliofunguliwa, tukawa Shingoni.

Nimekwenda mahali pengi tangu siku ile, na pengine pana majina makubwa na mabango ya kuwaelekeza wageni wasimame wapi kupiga picha. Sijaona mahali kama pale. Upande mmoja, mbali chini, mabati ya mji wa Arusha yalimeta kama sarafu chache zilizodondoka kwenye nyasi. Upande wa pili nchi ilianguka na kutandazika, ya njano, haina mwisho, na kilima cha Longido kikiwa kimekaa peke yake kama kitu kilichosahauliwa. Mashariki, juu ya mawingu, Kilimanjaro ilielea bila miguu. Na mbele yetu walikuwa wamesimama watu wa kwao Yeyo, mamia, na majembe begani, waliochimba kutoka upande wao. Walikuwa wametoka kusikia injini ikipanda bila kuiona, na sasa hawakujua kama waimbe au wakimbie. Waliimba. Ardhi ilitetemeka kwa miguu yao kuliko ilivyotetemeka kwa lori. Niliteremka, nikajua kwamba hakuna jela.

Bwana Barabara alitoa daftari lake. Akamuuliza Baba Mkubwa jambo kwa Kiingereza, refu. Miaka baadaye Baba Mkubwa aliniambia aliulizwa nini: ni nani aandikwe kuwa ndiye aliyeichora barabara hii. Na yeye peke yake ndiye aliyekuwa anajua lugha zote tatu pale juu. Angeweza kusema jina lake. Lingeandikwa, na hakuna ambaye angejua. Angeweza kusema "sisi sote," na ingekuwa karibu na ukweli. Alivua miwani iliyojaa vumbi, akanyoosha mkono wote, si kidole, akamwonyesha Yeyo, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika juu kwa miguu, anamvuta punda kwa kamba.

Bwana Barabara akafunga daftari. Akamwendea. Akavua kofia yake, akasimama mbele yake, mrefu hivyo, akainamisha kichwa.

Sasa nimesoma vya kutosha kujua alichokusudia. Huko kwao ndivyo mwanamume anavyomheshimu mwanamke. Lakini kwetu, tangu dunia iumbwe, anayekuja mbele yako na kuinamisha kichwa ni mtoto. Anakuamkia, naye anangoja. Mtu mzima humwekea mkono utosini, humwitikia, na mpaka afanye hivyo mtoto hainui kichwa wala haendi popote. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo mara elfu.

Yeyo alikitazama kile kichwa, chenye nywele za rangi ya nyasi kavu na jasho. Akahamishia kamba ya punda mkono wa kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia, mweusi kwa magadi na udongo wa genge, akauweka utosini kwake, akauacha pale, akamwitikia kwa upole kama anavyoitikiwa mtoto aliyelelewa vizuri.

Nyimbo zilikatika pande zote mbili za mlima. Niliuona upepo ukipekua daftari. Na Bwana Barabara, nakula kiapo, hakuinuka. Alibaki vilevile, kichwa chini, kofia mkononi, mpaka Yeyo alipoutoa mkono.

Tulirudi kwa miguu, maana Yeyo alikataa kumwacha punda. Baba Mkubwa alitembea nasi, viatu ameviweka begani. Tuliipita kona bila yeyote kuitaja. Tulipoingia kwenye viazi ndipo alipofungua mdomo.

"Shemeji. Unajua umefanya nini pale juu?"

"Nini?"

"Umemshika kichwa mtu wa serikali."

"Si aliinamisha?" akasema Yeyo. "Ningemwacha hivyo mpaka lini?"